Kuunda Mashua Ndogo ya Plaiwudi Nyumbani

Somo kwa vikundi vya kujifunza vya vyama vya msingi



Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vyama vya wavuvi, na pia kwa vyama vya wakulima ambao mashamba yao yako visiwani au ng'ambo ya mto. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, na kila mwisho wa sehemu wanachama wapewe nafasi ya kuuliza. Sehemu ya 1 hadi ya 4 zaweza kusomwa siku ya kwanza, na zilizobaki siku ya pili. Maswali ya mazungumzo yamewekwa mwishoni.

Jambo kuu la somo ni hili. Mtu asiye fundi wa vyombo aweza kuunda mashua njema ya plaiwudi katika ua wa nyumba yake, maadamu atayatimiza kwa uangalifu mambo matatu: ubora wa plaiwudi yenyewe, kipimo cha gundi, na kuzibwa kwa kingo za mbao. Mambo haya hayaonekani tena rangi ikishapakwa. Mashua mbovu na mashua njema zikiwa zimepakwa rangi moja hufanana siku ya kushushwa majini. Tofauti yake hujulikana baada ya masika moja au mawili, na pengine hujulikana mbali na ufuko, watu wakiwa ndani. Kwa kuwa mambo hayo hayawezi kukaguliwa baadaye, hapana budi yakaguliwe wakati wa kazi na kuandikwa. Kwa hiyo kalamu ya katibu ni chombo cha kazi hii sawasawa na msumeno.

1. Kwa nini plaiwudi?

Mtumbwi wa kuchonga hutaka gogo moja kubwa lisilo na ufa, na miti mikubwa ya namna hiyo imekuwa adimu katika sehemu nyingi zilizo karibu na maji. Mashua ya mbao hutaka mbao ngumu zilizokauka vema, na fundi ajuaye kuzipinda, kuzifungia katika mataruma na kuzikalafati. Ufundi huo ni wa miaka mingi, wala hausomwi katika jarida.

Plaiwudi ni ubao uliotengenezwa kwa matabaka membamba ya mti yaliyogandishwa pamoja kwa gundi. Nyuzi za kila tabaka hulazwa kukingama nyuzi za tabaka lililo chini yake. Ubao wa kawaida hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake, na hutanuka na kusinyaa unapolowa na kukauka. Katika plaiwudi kila tabaka hulizuia jirani yake, na hivyo karatasi nzima hubaki imetulia. Matabaka huwa ya hesabu ya witiri, yaani 3, 5 au 7, ili pande mbili za nje zivutane sawa na karatasi isipinde.

Karatasi ya kawaida ina urefu wa meta 2.44 na upana wa meta 1.22, yaani futi 8 kwa futi 4. Ile ya unene wa milimeta 6, ikiwa ya mti wa uzito wa wastani, huwa na uzito wa kilo 11 hivi, na ile ya milimeta 9 hufikia kilo 16. Mashua ndogo iliyoundwa kwa karatasi tatu au nne, pamoja na fito, vikalio na gundi, haizidi sana uzito wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Watu wawili waweza kuibeba hadi juu ya ufuko kila jioni, na jambo hili, kama tutakavyoona, lina faida kubwa kwa maisha ya chombo.

2. Kushona chombo si jambo geni kwetu

Njia imfaayo zaidi mtu asiye fundi ni ya kushona na kugandisha. Vipande vya plaiwudi hukatwa kwa kipimo, hutobolewa matundu madogo kando ya kingo, kisha hufungwa pamoja kwa vipande vya waya wa shaba nyekundu. Umbo likisimama sawa, pembe za ndani hujazwa gundi nzito na kufunikwa kwa utepe wa kitambaa cha faiba. Gundi ikikauka, mshono huwa na nguvu pengine kuliko ubao wenyewe.

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki hawana sababu ya kuistaajabia njia hii. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya 1, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, chataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na chaeleza kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Mitepe ya Lamu na visiwa vya jirani ilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ikaendelea kusafiri hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Tofauti ni moja tu, nayo ni muhimu: katika mtepe kamba ndiyo iliyoshika chombo siku zote za maisha yake, bali katika plaiwudi waya hushika kwa siku moja au mbili tu, hadi gundi ikauke. Baada ya hapo kazi yote ni ya gundi.

Kwamba njia hii yafaa kwa watu wa kawaida kulithibitishwa huko Uingereza mwaka 1963. Gazeti la Daily Mirror lilidhamini mashua ndogo ya tanga yenye urefu wa meta 3.3, iliyosanifiwa na Jack Holt pamoja na Barry Bucknell, ikauzwa ikiwa vipande tayari kwa kushonwa nyumbani. Bucknell alijulikana kwa vipindi vya televisheni vya kuwafundisha watu kazi za mikono nyumbani mwao. Tangu wakati huo zimeundwa mashua zaidi ya 70,000 za namna hiyo, na nyingi ziliundwa katika mabanda na vyumba na watu ambao hawakuwa wamepata kuunda chombo hata kimoja.

3. Kuchagua plaiwudi

Hapa ndipo fedha za chama zinapopotea mara nyingi, na hapa ndipo hatari huingia. Plaiwudi nyingi za madukani zimetengenezwa kwa ajili ya dari, kabati na milango. Gundi iliyotumika ndani yake haikukusudiwa kukaa majini. Karatasi kama hiyo, ikilowa na kukauka mara kadhaa, huachana matabaka kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa.

Iliyo bora ni plaiwudi ya vyombo vya majini, iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha Uingereza cha BS 1088. Hiyo ina gundi isiyoyeyuka kwa maji, na matabaka yake ya ndani hayana mapengo. Bei yake ni kubwa, wala haipatikani kila mji. Aghalabu wanachama hulazimika kuchagua kati ya plaiwudi za kawaida zisemwazo kuwa zinastahimili maji. Hapo wasitegemee neno la muuzaji, wala mhuri uliogongwa juu ya karatasi. Wafanye jaribio la kuchemsha.

Nunueni kwanza karatasi moja tu. Kateni kutoka pembeni kipande cha sentimeta 10 kwa 10. Kichemsheni katika sufuria kwa saa nne, mkiongeza maji yanapopungua. Kianikeni hadi siku ya pili kikauke kabisa, kisha kichemsheni tena kwa saa nne na kukianika. Halafu jaribuni kuyatenganisha matabaka kwa ncha ya kisu. Ikiwa yanaachana kwa urahisi, plaiwudi hiyo haifai kwa chombo. Ikiwa mti wenyewe unachanika kabla ya gundi kuachia, gundi ni nzuri, na mwaweza kununua karatasi zilizobaki, zikiwa za aina ileile na shehena ileile.

Baada ya hapo tazameni kingo za kila karatasi. Mkiona pengo jeusi baina ya matabaka, jueni kwamba ndani mna nafasi tupu. Maji yatakaa humo na ubao utavunjika hapo. Mstari wa gundi wenye rangi ya kahawia iliyokoza ni dalili njema, lakini ni dalili tu, haiwi badala ya jaribio.

Jambo moja lieleweke vema. Gundi kustahimili maji haina maana kwamba mti hauozi. Plaiwudi nyingi, hata zile bora zitengenezwazo kwa mti wa okume utokao Gabon, ni za miti laini ambayo huoza ikikaa na unyevu. Jaribio la kuchemsha hutuhakikishia gundi; kuhusu kuoza, kinga yetu ni kuziba kingo.

4. Ramani, mfano mdogo na hesabu ya uzito

Somo hili halitoi ramani ya mashua, kwa kuwa ramani hutegemea maji ya mahali, mzigo na kazi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limetoa ramani za mashua za plaiwudi kwa ajili ya wavuvi wadogo, na bwana samaki wa wilaya aweza kuombwa msaada wa kuzipata. Chama kisianze kazi bila ramani iliyokwisha kujaribiwa.

Ramani ikipatikana, kikundi kitengeneze kwanza mfano wa karatasi ngumu kwa kipimo cha sehemu moja ya kumi. Karatasi nzima ya plaiwudi itakuwa na sentimeta 24.4 kwa 12.2. Kateni vipande vyote kama ramani inavyosema, kisha viungeni kwa gundi ya karatasi. Kosa la kusoma vipimo litaonekana hapa, nalo litagharimu karatasi ya boksi tu.

Kisha ifanywe hesabu ya uzito, ambayo kila mwanachama aweza kuifuata. Chombo kinachoelea husukuma kando maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe pamoja na vyote vilivyomo. Lita moja ya maji ya ziwa ina uzito wa kilo 1. Tuchukue mashua ya sakafu bapa ambayo eneo la sakafu yake ni meta za mraba 2.5. Ikizama sentimeta moja, husukuma lita 25 za maji, yaani kilo 25. Kwa hiyo:

Mashua yenyewe, kilo 50
Watu wawili, kilo 140
Nyavu na samaki, kilo 60
Jumla, kilo 250

Kilo 250 zikigawanywa kwa 25 ni 10. Mashua itazama sentimeta 10. Ikiwa ubavu una kimo cha sentimeta 45, zitabaki sentimeta 35 juu ya maji. Wakiongezeka watu wanne wa kilo 70 kila mmoja, yaani kilo 280, mashua itazama sentimeta nyingine 11, na zitabaki 24 tu. Maji yakiwa shwari waweza kudhani hapana neno. Wimbi dogo la upepo wa alasiri litaingia ndani, na kila ndoo ya maji iingiayo ni uzito mpya. Mbavu zikiwa zimelala kwa nje, mashua huzama kidogo pungufu ya hesabu hii, na katika maji ya chumvi pia hupungua kidogo. Lakini ni salama kuhesabu bila kutegemea punguzo hilo. Kikomo cha mzigo kikishakubaliwa, kichorwe kwa mstari wa rangi ubavuni, ili nahodha asibishane na abiria bali aonyeshe mstari.

5. Kukata na kushona

Vyombo vinavyohitajiwa ni vichache: msumeno wa meno madogo, randa, keekee, koleo la kusokotea waya, msasa, futi ya kupimia, penseli, uzi, na jiriwa chache za kubania. Pahala pa kazi pawe na kivuli, pasipo mvua, na sakafu iliyo sawa.

Mbavu mbili zichorwe kwa kutumia ufito mwembamba ulionyooka. Pigeni misumari midogo penye alama za ramani, pindeni ufito kuifuata, kisha choreni mstari. Ufito hupinda kwa uzuri wake wenyewe, nao hufichua alama iliyowekwa mahali pasipo pake. Ubavu wa kwanza ukishakatwa, uwe kielelezo cha wa pili. Zibaneni mbavu zote mbili pamoja na kuziranda pamoja hadi zilingane kabisa. Mbavu zisipolingana, mashua itakwenda upande siku zote.

Ikiwa mashua ni ndefu kuliko karatasi moja, karatasi mbili huungwa kichwa kwa kichwa kabla ya kukata, kwa kugandisha kipande cha plaiwudi ileile upande wa ndani, juu ya kiungo. Kwa unene wa milimeta 6, kipande hicho kiwe na upana wa sentimeta 15.

Toboeni matundu sentimeta 1 kutoka ukingoni, yakiachana kwa sentimeta 10. Karibu na omo, ambapo ubao unapindwa kwa nguvu, yaachane kwa 5. Kateni waya wa shaba wenye unene wa milimeta 1 vipande vya sentimeta 10. Fungeni mbavu mbili pamoja penye omo, bila kukaza. Wekeni taruma la katikati mahali pake, vuteni ncha za nyuma kwa kamba, na kufunga ubao wa tezi. Hapo umbo la mashua litaonekana kwa mara ya kwanza, na kila mtu atatamani kuendelea upesi. Simameni kwanza.

Pinduenì mashua kifudifudi juu ya vigoda viwili, na kufanya ukaguzi wa namna mbili. Kwanza, pimeni kwa uzi kutoka katikati ya omo hadi kila pembe ya tezi. Vipimo viwili viwe sawa. Pili, lazeni fito mbili zilizonyooka kukingama mashua, moja karibu na omo na nyingine karibu na tezi, kisha mtu achutame nyuma na kuzitazama kwa jicho moja. Zikionekana sambamba, chombo hakikujisokota. Zisipokuwa sambamba, legezeni waya na kusahihisha sasa, kwa sababu gundi ikishakauka hapana dawa.

Baada ya hapo ndipo karatasi ya sakafu ilazwe juu, ichorwe kwa penseli kufuata mbavu, ikatwe milimeta 5 nje ya mstari, na kushonwa. Rudieni ukaguzi ule wa uzi na fito, kisha kazeni nyaya zote.

6. Gundi

Mashua za kwanza za njia hii ziligandishwa kwa gundi ya poliesta. Siku hizi gundi ya epoksi ndiyo iliyo bora, kwa kuwa huushika mti kwa nguvu zaidi na kwa miaka mingi zaidi. Huuzwa katika vyombo viwili: gundi yenyewe na kigumishi chake. Uwiano wa kuchanganya umeandikwa na mtengenezaji, nao ni sheria. Baadhi ya watu hudhani kwamba kigumishi kikizidishwa gundi hukauka upesi. Kwa epoksi ni kinyume: kikizidi au kikipungua, sehemu ya gundi haigandi kamwe, na mshono hubaki laini ndani hata kama juu umekauka. Kwa hiyo gundi ipimwe kwa vikombe vyenye alama au kwa mizani, isikadiriwe kwa macho. Na kila kikombe kiandikwe katika daftari pamoja na mahali kilipotumika.

Katika nchi ya joto gundi huganda upesi. Ikoroge kidogo kidogo, asubuhi au jioni, na ununue kigumishi cha polepole ikiwa chapatikana. Gundi nyingi iliyoachwa katika chombo kirefu hujitia joto yenyewe hata kutoa moshi. Baada ya kukorogwa imwagwe katika sahani pana.

Kwanza gandisheni vituo vifupi baina ya nyaya, na kuacha usiku kucha. Siku ya pili toeni nyaya. Kisha changanyeni gundi na vumbi laini la mbao lililochekechwa, hadi iwe nzito kama ugali mwororo, na kuijaza katika pembe zote za ndani. Ilainisheni kwa mgongo wa kijiko ili pembe iwe na mviringo. Juu yake lazeni utepe wa faiba wenye upana wa sentimeta 7.5, uliolowekwa gundi hadi uonekane kama kioo. Mahali palipobaki peupe ni mahali gundi haikufika. Mashua ikigeuzwa, pembe za nje zirandwe kuwa mviringo na kuwekewa utepe vivyo hivyo. Tena ndipo vifungwe vikalio, fito za ukingo wa juu, na ufito wa mkuku chini ya sakafu.

Afya ya wafanyaji isisahauliwe. Epoksi mbichi huweza kumfanya mtu apate ukurutu, na akishaanza kudhurika aweza asiweze kuigusa tena maisha yake yote. Glavu zivaliwe kila mara. Gundi ikigusa ngozi, ioshwe kwa sabuni na maji, si kwa tina. Anayepiga msasa juu ya gundi au faiba afunike pua na mdomo.

7. Kingo na rangi

Uso wa plaiwudi hunywa maji polepole, lakini ukingo wake, ambapo nyuzi zimekatwa, hunywa kama utambi. Kila ukingo, kila tundu la skrubu na kila mahali palipokatwa papakwe gundi ya epoksi nyepesi mara tatu, kabla ya kufunikwa na kitu kingine. Skrubu iingizwe katika tundu lililokwisha kupakwa. Kazi hii ni ya kuchosha, wala haina sifa, na ndiyo inayorukwa kwanza wakati wa haraka. Mashua nyingi za plaiwudi zilizokufa mapema zilianza kuoza ukingoni.

Epoksi huharibiwa na jua, kwa hiyo hapana budi ifunikwe kwa rangi ya mafuta, ndani na nje. Kila mwaka mashua ikaguliwe, na mahali palipochubuka pakaushwe, papakwe gundi, kisha rangi.

Wengi hudhani maji ya bahari ndiyo adui mkubwa. Kwa habari ya kuoza, maji ya mvua ni mabaya zaidi kuliko ya chumvi. Mashua iliyoachwa wazi ufukoni, na maji ya mvua yametuama ndani, huoza upesi kuliko ile iendayo kazini kila siku. Na ile iachwayo majini baharini huliwa na wadudu watoboao mbao. Kwa hiyo kila jioni ipandishwe, ipinduliwe juu ya magogo mawili, na upepo upite chini yake. Hii ndiyo faida ya wepesi tuliyoitaja mwanzoni.

8. Kuelea baada ya kujaa maji

Chombo chochote chaweza kujaa maji. Swali ni kama kitabaki juu ili watu wakishike. Plaiwudi yenyewe huelea, lakini mashua iliyobeba mashine haina ziada kubwa. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kizibo vema laweza kushika karibu kilo 19. Madumu sita yaliyofungwa kwa nguvu chini ya vikalio, mbele na nyuma, kwa pande zote mbili, yatashika zaidi ya kilo 110. Yafungwe kwa kamba imara, kwani dumu lililochomoka halimsaidii aliyebaki na mashua.

Kabla ya mashua kukabidhiwa, ifanyiwe jaribio mbele ya wanachama, mahali maji yafikapo kiunoni. Ijazwe maji hadi ukingo, mzigo uwemo, na watu wawili waishike kwa nje. Ikibaki juu, na ikitulia bila kupinduka, imefaulu. Isipofaulu, madumu yaongezwe au yahamishwe. Hata ikifaulu, kila aingiaye avae jaketi la kuokolea maisha, na chombo kiwe na kasia la akiba na upo wa kutekea maji. Mashua ya sakafu bapa yenye urefu wa meta tatu ni ya maji ya karibu na ufuko. Si ya kuvukia ziwa.

9. Wajibu wa katibu

Katibu afungue daftari la kazi siku ya kwanza. Kila siku iandikwe tarehe, kazi iliyofanywa, karatasi ya plaiwudi iliyotumika kwa namba yake, vikombe vya gundi na uwiano wake, saa za kazi, na saini ya aliyefanya. Vipande vya jaribio la kuchemsha vihifadhiwe pamoja na stakabadhi. Mshono ukiachia baada ya mwaka, daftari litaonyesha kikombe kilichokosewa, na wanachama watajua wapasue wapi bila kulaumiana.

Hesabu ya fedha nayo iwe wazi. Saa za kazi za wanachama ziandikwe hata kama hazikulipwa, kwa sababu ni sehemu ya thamani ya chombo. Chama kitenge kila mwaka fungu la uchakavu. Kwa mfano tu, mashua iliyogharimu shilingi 600,000, ikikadiriwa kutumika miaka 6, itataka kutengewa shilingi 100,000 kila mwaka, mbali na fedha za rangi. Bila fungu hilo chama kitaunda mashua ya kwanza, lakini hakitaunda ya pili. Mwisho, chombo kiandikishwe na kupata leseni kwa mujibu wa sheria kabla ya kuanza kazi.

Maswali ya mazungumzo

(a) Kwa nini jaribio la kuchemsha halitoshi peke yake kutuhakikishia kwamba mashua haitaoza?

(b) Mashua yenu ina sakafu ya meta za mraba 3. Mzigo wote pamoja na chombo ni kilo 360. Itazama sentimeta ngapi? Ikiwa ubavu una kimo cha sentimeta 40, zitabaki ngapi juu ya maji?

(c) Mwanachama anapendekeza kuruka kazi ya kingo ili mashua iwahi msimu wa dagaa. Mtamjibu nini, na ni nani mwenye madaraka ya kuamua?

(d) Katika chama chenu, ni nani atakayeweka daftari la kazi siku ambayo katibu hayupo?

Kazi ya kikundi: kabla ya mkutano ujao, nunueni karatasi moja ya plaiwudi kutoka duka lililo karibu, fanyeni jaribio la kuchemsha, na kuleta kipande hicho mkutanoni pamoja na stakabadhi yake.